Kutawakali na Bima: Suala la Mwanafunzi Anayesoma Nje

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayekwenda kusoma nje hukata bima ya afya kabla hajajua atalala wapi. Viza ya Schengen ya muda mfupi haitolewi bila hati ya bima ya kiwango kisichopungua yuro 30,000, inayogharimia matibabu ya haraka, kulazwa hospitali, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, na kifo. Ndivyo inavyotaka Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009. Uingereza humtoza mwanafunzi ada ya afya ya pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, kiwango kilichoanza Februari 2024. Marekani humtaka mwenye viza ya J-1 awe na bima ya dola 100,000 kwa kila ajali au ugonjwa, dola 50,000 za kuhamishwa kwa ajili ya matibabu, na dola 25,000 za kusafirisha maiti. Vyuo vya China, vilivyopokea vijana wengi wa Tanzania, Kenya na Uganda, kwa kawaida hudai yuan 800 kwa mwaka wakati wa usajili.

Wapo wanaoziona fedha hizi kuwa gharama tu, sawa na tiketi ya ndege. Lakini katika familia nyingi za Kiislamu, na kwa baadhi ya Wakristo pia, hati ya bima huzua swali la dini, na swali hilo huulizwa kwa namna mbili ambazo watu huzichanganya. Wengine huuliza kama anayekata bima amepungukiwa na imani kwa Mungu. Wengine huuliza kama mkataba wenyewe ni halali. La kwanza linahusu moyo wa msafiri na la pili linahusu karatasi anayotia saini. Imani ya mtu yaweza kuwa timamu na mkataba wake ukawa na kasoro, na mkataba waweza kuwa safi ilhali mwenye kuutia saini amesahau kabisa kwamba uzima hautoki kwa wakala wa bima.

Swali la imani ndilo linalosikika zaidi majumbani. Mtoto anapokaribia kusafiri husomewa Yasini, hutolewa sadaka na kuombewa dua na wazee. Katika mazingira hayo, karatasi inayotaja kuvunjika mguu, kupasuliwa na bei ya kusafirisha jeneza huonekana kama uchuro. Anayesema kwamba msafiri amekwisha kukabidhiwa kwa Mwenyezi Mungu, na kwamba dola za bima ni kumwekea Mungu mdhamini, hasemi upuuzi. Analinda jambo la msingi katika dini yake. Ila mapokeo ya dini hiyohiyo yamekwisha kumjibu, na yamemjibu kwa mifano ya safari.

Hadithi ya bedui na ngamia wake, aliyeelekezwa na Mtume amfunge kwanza kisha atawakali, yaani amtegemee Mungu, inajulikana na kila mtoto wa madrasa, na pengine kujulikana kwake kumeipunguzia uzito. Iliyo karibu zaidi na mwanafunzi ni habari ya mahujaji wa Yemen, aliyoipokea Ibn Abbas na kuhifadhiwa na Bukhari. Watu hao walikuwa wakitoka kwenda Makka bila masurufu, wakijiita wenye kumtegemea Mungu, na walipofika walikuwa wakiwaomba watu. Ndipo ikashuka aya ya 197 ya Suratul Baqara inayowaamrisha mahujaji wachukue masurufu, huku ikiwakumbusha kuwa masurufu bora ni uchamungu. Aya haikuwasuta kwa udhaifu wa imani. Kosa lao lilikuwa kwamba mzigo waliodai kumwachia Mungu uliishia kwenye mabega ya watu wengine.

Habari ya pili ni ya Khalifa Umar, alipokuwa njiani kuelekea Sham na kupata taarifa huko Sargh kwamba tauni imeingia katika nchi ile. Alipoamua kurudi, Abu Ubayda alimuuliza kama anakimbia majaaliwa ya Mungu. Umar alimjibu kwamba anayakimbia majaaliwa ya Mungu kuelekea majaaliwa ya Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapolisha, atalisha kwa majaaliwa. Jibu hilo linaondoa ushindani wa kubuni kati ya kudura na tahadhari. Mwenye bima hatoki nje ya yaliyoandikwa. Kukata kwake bima ni sehemu ya yaliyoandikwa.

Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliingiza suala hili katika mizani ya kina zaidi kwenye kitabu cha kutawakali ndani ya Ihyaa. Sababu alizigawa mafungu matatu. Zipo za yakini, kama maji kwa kiu, na kuziacha si kutawakali bali ni ujinga. Zipo za dhana yenye nguvu, kama masurufu ya safari na dawa nyingi za matabibu, na kuzitumia hakuvunji imani ya mtu. Zipo za kubahatisha, kama talasimu, na hizo ndizo zinazopingana na kutawakali. Akaongeza sharti linalomgusa mwanafunzi moja kwa moja: mtu aweza kujaribu kuishi bila akiba kwa nafsi yake ikiwa ameizoeza njaa na subira, lakini hana ruhusa ya kuwabebesha wanaomtegemea jaribio hilo.

Kwa mwanafunzi sharti hilo linageuka, kwa kuwa yeye ndiye anayetegemea wengine. Asiye na bima akipata ajali huko aliko, habari hufika kwanza kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya ya wenzake, kisha msikitini au kanisani, kisha kwa ndugu nyumbani, na namba ya kutuma mchango hutangulia taarifa ya daktari. Mchango ni jambo jema na jamii za Waswahili zimeishi kwa kusaidiana hivyo tangu zamani. Lakini aliyeacha bima kwa makusudi huku akijua mchango upo hakumtegemea Mungu peke yake. Aliwategemea wenzake bila kuwaambia. Tofauti yake na mahujaji wa Yemen ni kwamba wale walikwenda kuomba wenyewe.

Ukristo nao umeujua mjadala huu, ingawa kwa sura nyingine. Waamishi wa Marekani hukataa bima za biashara na za serikali kwa imani kwamba kanisa ndilo linalopaswa kumbeba mgonjwa na mzee. Mwaka 1965 serikali ya Marekani iliwaruhusu wasichangie mfuko wa hifadhi ya jamii, mradi nao wasidai mafao yake. Msamaha huo ulitolewa kwa jamii ambayo kweli hulipiana madeni ya hospitali. Katika baadhi ya makanisa ya uamsho ya Afrika Mashariki hoja husimama kwenye uponyaji: mwenye imani haugui au, akiugua, ataombewa. Hoja hiyo ni dhaifu kuliko ya Waamishi, maana inaondoa bima bila kuweka kitu mahali pake.

Kwa hiyo upande wa imani haumzuii mwanafunzi. Upande wa mkataba ni mgumu zaidi.

Sharia ya Kiislamu haikatazi kujikinga na hasara; inachungulia namna hasara inavyohamishwa kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameona kasoro tatu katika bima ya kibiashara. Ya kwanza ni gharari, yaani kuuziana kisichojulikana: mwanafunzi hulipa kiasi kinachojulikana ili apate kitu asichojua kama kitakuja, lini, wala kwa kiasi gani. Ya pili ni kamari, kwa kuwa mmoja hupata pale mwingine anapopoteza: asipougua kampuni imekula fedha zake, akiugua sana amekula fedha nyingi za kampuni. Ya tatu ni riba, kwa kuwa akiba za kampuni huwekwa katika hatifungani na amana za benki zenye riba.

Kasoro hizi hazina uzito mmoja. Ile ya kamari ndiyo dhaifu, kwa sababu mcheza kamari hujitengenezea hatari ambayo haikuwapo, ilhali mwenye bima hupunguza hatari ambayo ipo tayari: homa ya manjano na gari lililokosa breki havikungoja atie saini. Gharari ndiyo yenye mizizi, kwani hadithi ya kukataza biashara ya gharari imo katika Sahihi Muslim, na mafakihi wa madhehebu yote wameijengea hukumu zao za mauzo.

Mjadala wenyewe ulianzia bandarini. Ibn Abidin, fakihi mkubwa wa madhehebu ya Hanafi aliyefariki Damascus mwaka 1836, aliulizwa kuhusu wafanyabiashara waliokodi meli za wageni na kuwalipa watu wa ng'ambo fedha za ziada ili wadhamini mali dhidi ya moto, kuzama na maharamia. Mawakala wa wadhamini hao walikaa katika bandari za dola ya Uthmaniya kwa idhini ya Sultani. Ibn Abidin alikataa: haimjuzii mfanyabiashara kuchukua fidia hiyo, kwa kuwa mdhamini amejilazimisha lisilomlazimu. Lakini aliacha mlango: mkataba ukifungwa ng'ambo, nje ya ardhi ya Uislamu, na fidia ikatolewa huko kwa ridhaa, kuichukua kuna nafasi. Wapo wanaoukimbilia mlango huo kwa ajili ya mwanafunzi wa Ulaya. Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, hata hivyo, ni wa madhehebu ya Shafi, na Mashafi hawakubali kwamba mkataba mbovu husafika kwa kuvuka mpaka wa nchi. Kwao mlango wa Ibn Abidin hauna ufunguo.

Aliyeitetea bima kwa nguvu zaidi katika karne ya 20 ni Mustafa al-Zarqa wa Syria. Mwaka 1961, katika mkutano wa wiki ya fikihi uliofanyika Damascus, alipingana na wanazuoni wenzake, akiwemo Muhammad Abu Zahra wa Misri, akisema kwamba bima ni mkataba mpya usio na mfano kamili zamani, na kwamba mkataba mpya huhukumiwa kwa kazi yake. Miongoni mwa mifano aliyoitumia, mmoja unafaa kuangaliwa hapa: fikihi ya Hanafi inasema mtu akimwambia msafiri apite njia fulani kwa kuwa ni salama, na kwamba akiporwa huko yeye ndiye mdhamini, basi akiporwa mdhamini atalipa. Dhamana ya hatari ya njia ni bima ya safari iliyovuliwa ada. Zarqa aliuliza kwa nini ahadi ile ile iharibike inapolipiwa na inapofanywa kwa watu wengi kwa hesabu, ambayo kwa kweli huipunguza ile gharari.

Wengi hawakumfuata. Kamati ya Taifa ya Fatwa ya Malaysia iliikataa bima ya maisha ya kawaida mwaka 1972. Akademia ya Kimataifa ya Fikihi ya Kiislamu yenye makao Jeddah iliamua mwaka 1985 kwamba mkataba wa bima ya kibiashara wenye ada maalumu una gharari kubwa na haufai, na ikaelekeza kwenye bima ya ushirika. Mwaka 2005, katika kikao cha Dubai, akademia hiyohiyo iligeukia bima ya afya yenyewe na kupambanua: mtu akikubaliana moja kwa moja na hospitali imtibu kwa muda fulani kwa malipo fulani, inafaa, kwa kuwa gharari yake ni ndogo na haja ipo, akipitia kampuni ya biashara, haifai, akipitia mfuko wa ushirika, inafaa. Mashia Ithnaasheri wamekwenda njia yao. Khomeini aliiorodhesha bima miongoni mwa mikataba sahihi inayojitegemea, na kwa Ithnaasheri wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar wanaowafuata wanazuoni wa msimamo huo, sehemu kubwa ya mjadala huu haiwahusu.

Mijadala mingi ya misikitini hukwama hapa, kwa sababu husema "bima" kana kwamba ni kitu kimoja. Mwanafunzi wa nje hakutani na kitu kimoja.

Ada ya afya ya Uingereza inaitwa bima na wanafunzi, lakini haina kampuni, haina hati, haina mwenye hisa anayengoja faida. Ni ada ya serikali inayolipwa pamoja na maombi ya viza, na mwenye viza hutibiwa katika huduma ya afya ya taifa kama mkazi mwingine. Hakuna kuuziana, kwa hiyo hakuna gharari ya kuuziana. Kuijadili kwa vipimo vya mauzo ni kukosea mlango. Inajadiliwa kama kodi, na swali linalobaki ni la uadilifu: kama ni haki kumtoza mgeni kiasi hicho mbele, miaka yote kwa pamoja, kabla hajakohoa.

Ujerumani ina habari nyingine. Mwanafunzi aliyesajiliwa chuoni na ambaye hajafika miaka 30 kwa kawaida hulazimika kujiunga na mfuko wa afya wa kisheria, na hulipa zaidi ya yuro 100 kwa mwezi. Mfumo huo ulianza mwaka 1883, enzi za Bismarck. Mifuko yake haiendeshwi kwa ajili ya faida, na kwa sehemu kubwa michango ya mwaka ndiyo inayotibu wagonjwa wa mwaka huohuo. Chukua wanafunzi wawili waliotoka Mwanza, mmoja mzima na mwingine mwenye selimundu. Katika mfuko huo wote wawili hulipa mchango wa mwanafunzi kwa kiwango kilekile, na mfuko hauna ruhusa ya kumkataa mgonjwa. Mwenye selimundu akiingia kwenye maumivu makali usiku wa baridi, analazwa kwa kadi ileile anayotumia mwenzake kwa mafua.

Mwanafunzi huyohuyo akinunua bima ya safari ya kampuni binafsi, hukutana na kifungu kinachoondoa ugonjwa aliokuwa nao kabla. Ada ni ndogo, na sababu ya udogo wake ni kwamba yeye hasa hakukusudiwa. Hii ndiyo bima waliyoizungumzia wanazuoni wa Jeddah: inauzwa kwa faida, kwa bei ya hatari ya kila mtu, na isipotumika fedha zimekwenda. Bima nyingi za vyuo vya Marekani nazo, ingawa zinaandaliwa na chuo, huwa zimebebwa na kampuni za biashara, na mgonjwa hubeba mwenyewe kiasi cha mwanzo. Kwa wenye viza ya J-1 sheria imeweka kwamba kiasi hicho kisizidi dola 500 kwa kila ajali au ugonjwa.

Kati ya hati hizo mbili za mwenye selimundu pana falsafa mbili za haki. Biashara ya bima huona haki katika kila mtu kulipia hatari yake mwenyewe. Asiye na hatari asimlipie mwenye nayo. Mfuko wa ushirika huona kwamba kuzaliwa na selimundu si kosa la mtu, na kwamba hatari ya namna hiyo ni ya wote. Mtume aliwasifu Ashaari, kabila la Yemen, ambao chakula kilipowapungukia vitani au nyumbani walikusanya kila walichokuwa nacho katika nguo moja wakagawana sawasawa. Sifa hiyo, iliyo katika Bukhari na Muslim, haikutaja nani alileta kingi na nani hakuleta kitu. Ni vigumu kuisoma na kuona kwamba mfuko wa Ujerumani, ulioanzishwa na watu wasiokuwa na habari na Ashaari, uko mbali nayo kuliko hati nyingi zenye jina la Kiislamu.

Kifungu cha ugonjwa wa awali huleta pia kishawishi cha kuficha. Wapo wanaosema kwamba mkataba ukiwa mbovu kisharia, kudanganya ndani yake si dhambi. Hoja hiyo haina msingi: hata wanaouona mkataba wa bima kuwa batili hawajahalalisha uongo, na kutimiza ahadi na kusema kweli ni wajibu kwa Mwislamu na asiye Mwislamu. Kidunia nako hasara ni ya mwongo, maana kampuni huchunguza historia ya mgonjwa wakati wa kudaiwa, si wakati wa kupokea ada.

Pale ambapo bima ya biashara ndiyo pekee inayopatikana na sheria inailazimisha, wanazuoni wengi hutumia kanuni ya dharura na ya haja. Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, lililoundwa London mwaka 1997 kwa ajili ya Waislamu wanaoishi katika mazingira hayo hasa, limekubali msimamo wa Jeddah kwa ujumla huku likiruhusu bima inayolazimishwa na sheria na ile ambayo kuikosa huleta dhiki kubwa. Watu hupinga kwamba kusoma nje si dharura, kwani mtu aweza kusoma Dodoma au Nairobi. Ni kweli si dharura ya kufa na kupona. Lakini fikihi huipa haja ya watu wengi hukumu inayokaribia dharura, na jamii inayohitaji madaktari bingwa na wahandisi ina haja hiyo. Mwanya huo una kipimo chake: hutumika kwa kiasi kinachohitajika. Bima ya matibabu iliyotakiwa na ubalozi imo ndani. Nyongeza ya kulipwa kwa mizigo iliyochelewa au tiketi iliyoahirishwa imo nje, na ndiyo ambayo mawakala huisukuma zaidi. Marekani ni mfano wa haja bila sheria: mwenye viza ya F-1 halazimishwi na serikali kuu kuwa na bima, ni chuo kinachomlazimisha, lakini gharama za hospitali za huko zinatosha kuifanya bima kuwa haja hata kama chuo kingenyamaza.

Wenye msimamo mkali zaidi huongeza kwamba aliyelazimishwa achukue katika fidia kiasi alicholipa tu. Kwa bima ya gari sharti hilo laweza kutekelezwa. Kwa bima ya afya halitekelezeki kirahisi, kwa kuwa kampuni hulipa hospitali na mgonjwa haoni hata senti. Kumwambia akatae kutibiwa baada ya ada zake kwisha ni kumrudisha katika dhiki ambayo ruhusa ilikuja kuiondoa.

Wazanzibari wanaolalamikia masharti ya balozi wana sababu ya kulalamika kwa sauti ya chini. Tangu 1 Oktoba 2024 kila mgeni wa nje anayeingia Zanzibar hutakiwa kununua bima ya safari kwa Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Serikali ya visiwa vya Waislamu imefikiri kama serikali nyingine zote: mgeni akianguka, hospitali isibaki na deni.

Njia iliyopendekezwa badala ya bima ya biashara ni takafuli. Wanachama huweka michango yao kama tabarui, yaani hiba kwa mfuko wa pamoja, na mfuko ndio unaomlipa aliyepatwa na janga. Kampuni haiwi mmiliki wa michango. Ni mwendeshaji anayelipwa ujira wa uwakala, na ziada ya mwisho wa mwaka ni ya wanachama. Mfuko ukipungukiwa, mwendeshaji huukopesha bila riba. Msingi wa kifikihi umetoka kwa Wamaliki, ambao huvumilia gharari katika hiba wasiyoivumilia katika mauzo: anayetoa zawadi asiyojua ukubwa wake hakumdhulumu mtu. Kampuni ya kwanza ya namna hii ilianzishwa Khartoum mwaka 1979, Malaysia ikatunga sheria yake mwaka 1984, Oman ikafanya hivyo mwaka 2016. Kenya ilipata Takaful Insurance of Africa mwaka 2011, na nchini Tanzania mamlaka ya bima imekwisha kutoa miongozo yake huku shirika la Zanzibar likifungua huduma hiyo.

Takafuli ina wakosoaji wake wa ndani. Mwanauchumi Mahmoud El-Gamal amehoji kama mwendeshaji anayetafuta faida kwa wanahisa wake anatofautiana vya kutosha na kampuni ya kawaida, na akaona kwamba jumuiya za bima zinazomilikiwa na wanachama wenyewe ziko karibu zaidi na lengo. Kuna pia kikwazo cha kiutendaji. Kwa viza ya J-1 haitoshi hati kuwa halali kwa Mungu. Kwa kawaida kampuni iliyoibeba lazima iwe na daraja la juu kutoka kwa mashirika yanayopima uimara wa kifedha. Balozi za Schengen nazo hukagua uwezo wa kampuni wa kulipa hospitali za Ulaya. Anayetaka takafuli ya safari hana budi kuuliza ubalozini kwanza, na akikataliwa amerudi kwenye haja.

Hata bima iliyo safi kwa kila kipimo ina ukingo wake, na Khartoum yenyewe iliuonyesha. Vita vilipozuka Sudan tarehe 15 Aprili 2023, mji huo ulikuwa na wanafunzi wengi wa Kitanzania. Hati nyingi za bima, za biashara na za takafuli, huondoa vita katika mambo yanayogharimiwa, kwa kuwa janga linalowapata wote kwa pamoja huufilisi mfuko wowote. Vijana wale walitolewa na serikali yao, kwa mabasi hadi Ethiopia na kwa ndege hadi Dar es Salaam, kabla ya mwezi kwisha. Hapo hakuna mkataba uliotimizwa. Kulikuwa na wajibu wa dola kwa raia, ambao ndio ushirika mpana kuliko yote.

Limebaki suala la maiti, ambalo fomu za bima hulimaliza kwa mstari mmoja na dini haikulimaliza hivyo. Sheria za viza zinataka bima igharimie kusafirisha mwili, na kwa wengi hilo ndilo jambo la thamani kuliko yote. Mchaga huzikwa kihambani kwao, na familia haitakuwa na utulivu mtoto wao akiachwa ugenini. Kwa Mashafi hali ni kinyume. Nawawi na wengine wa madhehebu hayo wamesema kumhamisha maiti kwenda mji mwingine kumekatazwa au, kwa uchache, kunachukiza, ila akiwa karibu na Makka, Madina au Yerusalemu; na mashahidi wa Uhud waliokuwa wamechukuliwa kupelekwa Madina walirudishwa kwa amri ya Mtume wakazikwa walipofia. Kuchelewesha mazishi kwa majuma kadhaa, kwa sindano za kuhifadhi mwili na jeneza la bati, ni gharama ambayo fikihi ya pwani haikuomba.

Hati nyingi hutoa nafasi ya kuchagua kati ya kusafirisha mwili na kugharimia maziko hukohuko, na baadhi huhesabu kuchoma maiti kuwa aina mojawapo ya maziko. Kwa hiyo mwanafunzi Mwislamu anayetaka kuzikwa alipofia, kwa kuoshwa, kukafiniwa na kusaliwa, anapaswa kuandika wasia wake mapema na kuacha nakala kwa msikiti ulio karibu na chuo, kwa sababu kampuni husikiliza ndugu wa karibu waliotajwa katika fomu, na ndugu walio mbali, hata wakiijua hukumu, mara nyingi huomba waletewe maiti wao.